Minikompyuta ya 1970 ndani ya kompyuta yako: kiigaji kinaiga nini hasa?

Mtu anafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, anaandika neno moja, na mfumo endeshi wa mwaka 1975 unaitika. Anakwambia unachokiona ni PDP-11. Lakini PDP-11 ilikuwa kabati la chuma lililojaa nyaya na feni, na kampuni iliyoiunda, Digital Equipment Corporation (DEC) ya Maynard, Massachusetts, ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998. Hapo maswali huanza. Hiyo ni PDP-11 kweli au ni maigizo tu? Programu zake zimeandikwa upya? Ni jambo lilelile wanalofanya wenye seva wanapoigawa mashine moja ikawa kumi? Na je, ni halali? Majibu yanayozunguka huchanganya mambo yasiyofanana, kwa hiyo tuanze kwa kuyatenganisha.

Maneno kwanza

Minikompyuta ni kundi la mashine zilizokaa katikati ya kompyuta kubwa zilizojaza chumba kizima na kompyuta binafsi zilizokuja baadaye. PDP-8 ilitoka mwaka 1965 kwa takribani dola 18,000 za Marekani. Leo hakuna anayeweza kuiita ndogo, ila kwa wakati ule maabara moja au kiwanda kimoja kiliweza kuwa na yake. Ilifanya kazi kwa maneno ya biti 12 na ilikuja na kumbukumbu ya maneno 4,096. Data General ikaleta Nova mwaka 1969, PDP-11 ya biti 16 ikafuata mwaka 1970, kisha VAX-11/780 ya biti 32 mwaka 1977. Makala hii inakaa zaidi na PDP-11, kwa sababu ndiyo iliyolea mfumo endeshi wa Unix na lugha ya C ya kuandikia programu, na ndiyo ambayo mgeni hukutana nayo kwanza.

Kiigaji, ambacho wengi hukiita emuleta, ni programu ya kawaida inayotenda kila ambacho mashine fulani ingetenda, kiasi kwamba programu zilizoandikiwa mashine hiyo hazina namna ya kujua kuwa ziko kwingine. Fikiria dirisha la posta. Unapitisha barua na pesa, unarudishiwa stakabadhi yenye muhuri. Nyuma ya ukuta panaweza kuwa na makarani kumi au mmoja. Wewe hujui na hulazimiki kujua, mradi stakabadhi ni sahihi na imekuja kwa wakati. Programu ya PDP-11 nayo ina madirisha yake: maagizo ya prosesa, anwani za kumbukumbu, rejista (visanduku vidogo vya namba) za vifaa, na taarifa kwamba kazi fulani imekamilika. Kiigaji hukaa nyuma ya madirisha hayo. Hakiigi transista wala mkondo wa umeme. Kinaiga ahadi ambazo mashine iliwapa waandishi wa programu, na kama tutakavyoona, karibu kila kinachoharibika huharibika pale ahadi hizo zinapokutana na ulimwengu wa leo.

Sasa yale yanayochanganywa nacho. Mashine pepe, kama zile za kwenye seva, hutumia prosesa ya aina ileile kwa mgeni na kwa mwenyeji, kwa hiyo maagizo mengi ya mgeni hupewa chipu moja kwa moja. Kwa PDP-11 hilo haliwezekani, maana chipu ya kompyuta yako haielewi hata agizo moja la PDP-11. Kuhamisha programu ni jambo jingine: msimbo unachukuliwa na kupitishwa upya kwenye kompaila ya leo, na kinachotoka ni programu mpya ya mashine mpya. Tena wapo wanaoijenga upya saketi yenyewe ndani ya chipu zinazoweza kupangwa upya; hao wanaunda kifaa, hawaandiki kiigaji. Ndani ya kiigaji, biti zinazoendeshwa ni zilezile zilizokuwa kwenye diski ya mwaka 1975. Hakuna kilichotafsiriwa mapema wala kuandikwa upya.

Agizo moja chini ya darubini

Kiini cha kiigaji ni mzunguko mfupi unaorudiwa bila kukoma: soma neno kutoka kwenye kumbukumbu, tambua ni agizo gani, litende, songa mbele. Kumbukumbu ya PDP-11 inakuwa safu ndefu ya namba ndani ya programu ya C. Rejista nane, R0 hadi R7, zinakuwa vigeu vinane.

Chukua neno 012700. Limeandikwa kwa msingi wa nane, kwa sababu tarakimu moja ya msingi huo hubeba biti tatu na maagizo ya PDP-11 yamegawanywa kwa mafungu ya biti tatu. Mwanzo, 01, ni MOV, yaani nakili. Kisha 27 inaeleza chanzo: hali ya 2, rejista ya 7. Mwisho, 00 inaeleza pa kupeleka: hali ya 0, rejista ya 0, yaani R0 yenyewe. Hali ya 2 maana yake "chukua kilichopo kwenye anwani inayoonyeshwa na rejista, kisha isogeze rejista mbele". Na rejista ya 7 ndiyo inayoonyesha agizo linalofuata lilipo. Kwa hiyo kinachochukuliwa ni neno lililo mara tu baada ya agizo, na prosesa inaliruka. Ukiweka 012700 halafu 000005, umesema "weka 5 ndani ya R0". Hakuna agizo maalumu la kuweka namba; limepatikana bure kutokana na mpangilio. Ukilielewa hili umeelewa kwa nini waliozoea PDP-11 huisifia hivyo.

Unaweza kulijaribu bila diski wala mfumo endeshi. Kiigaji kinachotumika zaidi kwa mashine hizi ni SIMH, kilichoanzishwa mwaka 1993 na Bob Supnik, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa DEC. Sasa kinaendelezwa pia kwa jina la Open SIMH, na kina mashine nyingi ndani yake: PDP-8, PDP-11, VAX, Nova na nyinginezo. Kwenye Linux yenye gcc, make na git:

git clone https://github.com/open-simh/simh
cd simh
make pdp11
BIN/pdp11

Wakati wa kujenga unaweza kuona malalamiko kwamba maktaba ya mtandao au ya picha haipo. Kwa majaribio haya yapuuze. Hizo zinahitajika ukitaka kadi ya mtandao au skrini ya michoro. Ukifika kwenye alama ya kiigaji ya kusubiri amri, sim> andika:

d 1000 012700
d 1002 000005
d 1004 005200
d 1006 000000
run 1000
e r0

Herufi d huweka neno kwenye kumbukumbu, e huchungulia. Neno la tatu, 005200, ni INC R0, ongeza moja. La nne, sifuri tupu, ni HALT. Kiigaji kitasimama na kukwambia kimekutana na HALT, PC (ndiyo R7, inayoonyesha agizo linalofuata) ikiwa 001010, na R0 itaonyesha 000006. Anwani zinaruka mbili mbili kwa sababu neno moja ni baiti mbili, na baada ya 1006 inakuja 1010, si 1008, maana kwenye msingi wa nane tarakimu 8 haipo. Wageni wengi hujikwaa hapo: wanaandika d 1008, kiigaji kinakataa, wanadhani kimeharibika.

Kitu cha pili cha kuangalia ni aina ya prosesa. "PDP-11" ni familia, na wanafamilia hawakufanana kabisa. Agizo la SWAB, linalobadilishana baiti mbili za neno, liliiacha biti ya V, inayoashiria kwamba jibu limezidi nafasi yake, kama ilivyo kwenye 11/20 ya kwanza, lakini kwenye modeli za baadaye linaifuta. Hiyo ni tofauti ndogo. Kubwa zaidi ni hii: 11/45 na 11/70 ziliweza kutenga eneo la maagizo na eneo la data, kila programu ikapata nafasi maradufu, 11/40 haikuweza. Unix toleo la 6 inakubali 11/40. Unix toleo la 7 ya mwaka 1979, kama ilivyosambazwa, inadai 11/45 au 11/70. Ukiipandisha toleo la 7 baada ya kuandika set cpu 11/40 haitafika popote, na kosa halitakuwa la kiigaji.

Diski inayojibu mapema mno

Prosesa ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye vifaa.

PDP-11 haikuwa na maagizo maalumu ya kuzungumza na diski au terminali. Kila kifaa kilipewa anwani kwenye baiti 8,192 za mwisho, na programu iliandika hapo kana kwamba inaandika kwenye kumbukumbu. Kidhibiti cha RK11, kilichoendesha diski za RK05, kilikaa kuanzia 777400. Ili kusoma kipande cha kwanza cha diski programu inaweka 177400 kwenye rejista ya idadi, ambayo kwa biti 16 ni hasi 256, yaani maneno 256. Inaweka sifuri kwenye rejista ya anwani ya kumbukumbu na sifuri kwenye anwani ya diski. Mwisho inaandika 5 kwenye rejista ya amri iliyoko 777404. Namba 5 ni "soma" pamoja na biti ya "anza". Kwa mashine isiyo na kipande cha kumbukumbu ya kuanzishia, opereta aliingiza maneno machache ya namna hii kwa swichi za mbele, moja moja. Ukiandika boot rk0 kwenye SIMH, kiigaji hufanya kazi ya opereta huyo: kinaweka programu fupi kwenye kumbukumbu na kuruka hapo.

Kiigaji kinapoona neno 5 limeandikwa 777404, hufungua faili lililo kwenye diski yako halisi, husoma baiti 512 na kuzimwaga kwenye safu ya kumbukumbu. Kazi hiyo huchukua muda mfupi mno. RK05 halisi ilizunguka mara 1,500 kwa dakika. Kusubiri sehemu itakiwayo ifike chini ya kichwa kulichukua milisekunde 20 kwa wastani, na kusogeza kichwa milisekunde 50 nyingine.

Mtu angesema basi vizuri, kasi ni baraka. Si hivyo. Aliyeandika programu ya kuendesha diski alijua kwamba baada ya kutoa amri ana maelfu ya maagizo ya kutekeleza kabla diski haijajibu. Baadhi waliutumia muda huo kumalizia kuandika orodha ya nani anasubiri nini. Kiigaji kikituma ukatizo, ile ishara ya "nimemaliza", mara tu baada ya amri, utaikuta programu haijajiandaa na mfumo utaning'inia. Kwa hiyo SIMH huchelewesha makusudi. Kila kifaa huingizwa kwenye foleni ya matukio, na muda wa kusubiri hupimwa kwa idadi ya maagizo yaliyotekelezwa, si kwa saa ya ukutani. Ndiyo maana ucheleweshaji unabaki na uwiano uleule iwe kompyuta yako ina kasi au haina. Kwa maoni yangu hapa ndipo unapokijua kiigaji kilichofanyiwa kazi na kile cha wikiendi moja: vyote vitajumlisha namba sawasawa, ila cha pili kitakwama kwenye diski.

Saa ya mfumo ndiyo kifaa ambacho hakiwezi kupimwa kwa maagizo peke yake, kwa sababu wewe unataka dakika iwe dakika. PDP-11 ilipata mapigo yake kutoka kwenye umeme wa ukutani, mara 60 kwa sekunde kwa Marekani. SIMH hujirekebisha kila wakati: inahesabu maagizo mangapi yanapita kwa sekunde halisi, kisha inagawa mapigo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iliyojengwa kwa mapigo 60 ukiipa 50 kwa set clk 50hz, sekunde yake itachukua sekunde 1.2. Na ukifunga kifuniko cha kompyuta mpakato usiku kucha, usishangae saa ya Unix kuwa nyuma asubuhi.

Kuna pia dhana kwamba lazima uwe na kompyuta yenye nguvu. Kijikompyuta cha Raspberry Pi kinatosha na kubaki. Paneli za PiDP-11, zenye taa na swichi zilizonakiliwa kutoka 11/70 kwa ukubwa wa sita ya kumi, zinaendeshwa na kijikompyuta hicho pamoja na SIMH. Kinachowatisha watu ni kuona kiini kimoja cha prosesa kikifanya kazi asilimia 100 hata kama mfumo wa mgeni umelala. Mashine ya zamani haikujua kupumzika. Ikikosa kazi iliendelea kuzunguka au ilisimama kwenye agizo la WAIT. Amri set cpu idle hukifanya kiigaji kitambue hali hiyo na kulala kidogo. Ukitaka kinyume chake, yaani mwendo wa kizamani, kuna set throttle, lakini viwili hivi haviendi pamoja: chagua kimoja.

Kuwasha Unix toleo la 6

Utahitaji faili la diski la toleo hili lililoandaliwa kwa SIMH. La kwanza mara nyingi huitwa unix0_v6_rk.dsk. Linakili kwanza, nakala ya asili uiweke mbali. Andika mistari hii kwenye faili liitwalo pdp11.ini ndani ya folda utakayoanzia, kiigaji kitalisoma chenyewe:

set cpu 11/40
set cpu 256k
set cpu idle
set tto 7b
attach rk0 unix0_v6_rk.dsk
boot rk0

Kumbukumbu ya kilobaiti 256 ndiyo mwisho wa anwani za biti 18, na nane za juu ni za vifaa, kwa hiyo zinazotumika ni 248. Mstari wa set tto 7b upo kwa sababu mifumo ya zamani hutuma biti ya nane kwa ajili ya kukagua makosa ya laini. Ikifika kwenye terminali ya leo unaona alama za ajabu katikati ya maneno.

Itakuja alama ya @ peke yake, bila maelezo. Huo si mkwamo. Ni programu fupi iliyoko kwenye kipande cha kwanza cha diski, inasubiri jina la kerneli. Andika unix, kwa herufi ndogo, bonyeza Enter. Itakuja login:, andika root, na alama ya # itakukaribisha. Uko ndani ya mfumo ambao kerneli yake yote ina takribani mistari 9,000 ya msimbo.

Dakika kumi zinazofuata ndizo zinazowakimbiza watu, na karibu zote ni ugomvi wa kibodi. Mfumo huu ulitarajia mashine ya chapa, aina ya Teletype, inayochapa kwenye karatasi herufi 10 kwa sekunde. Kwenye karatasi huwezi kufuta herufi. Hivyo # ndiyo inayofuta herufi iliyotangulia, na @ inafuta mstari mzima. Herufi haipotei machoni. Ukiandika lx#s umeandika ls. Ukitaka # halisi, mathalani kwenye #define, lazima utangulize mkwaju wa nyuma: \#. Ukisahau, mstari wako wa C utaanza na define tupu na kompaila italalamika kitu kisichoeleweka.

Baya zaidi ni kitufe cha kufuta. Kwenye terminali nyingi za leo kitufe hicho hutuma DEL, na kwa Unix hii DEL ni amri ya kukatiza programu inayoendelea. Unataka kusahihisha herufi moja, unaua kazi nzima. Ctrl-C, ambayo vidole vyako vinaijua, haifanyi lolote. Toleo la 7 linakuruhusu kubadilisha herufi ya kufuta kwa amri ya stty. Hata huko DEL inabaki kuwa ya kukatiza, kwa hiyo ni heri kuiweka terminali yako itume Ctrl-H badala ya DEL kisha umwambie stty hivyo.

Tahadhari nyingine ni Caps Lock. Ukiandika ROOT kwa herufi kubwa, mfumo unahitimisha kwamba terminali yako haina herufi ndogo, na kuanzia hapo kila kitu kitatoka kwa herufi kubwa. Andika STTY -LCASE utoke.

Amri ya cd haipo, ni chdir. Kihariri ni ed, cha mstari mmoja mmoja. C yenyewe ni ya utotoni: kuongeza kwenye kigeu huandikwa =+ na si +=, kwa hiyo mifano ya leo itakataliwa. Lakini programu ya main() yenye printf ndani yake, ukiipitisha kwenye cc na kuendesha a.out, hufanya kazi vilevile kama leo.

Kuzima kuna utaratibu wake. Unix hukaa na maandishi kwenye kumbukumbu kabla ya kuyapeleka diskini. Ukifunga dirisha tu, faili la diski linabaki nusu nusu, na mfumo huu hauna daftari la mabadiliko la kuurudisha sawa. Utabaki na zana za ukaguzi, icheck na dcheck, na kurekebisha kwa mkono. Andika sync, rudia mara moja au mbili, kisha bonyeza Ctrl-E. Ctrl-E haizimi mashine, inaisimamisha na kukurudisha kwenye sim>. Ukiandika cont inaendelea palepale kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiandika quit inafunga mafaili na kutoka.

Mafaili yasiyokubali

Faili la diski la SIMH halina siri. Ni maudhui ya diski, kipande baada ya kipande, kuanzia sifuri. RK05 ya PDP-11 ina silinda 203, nyuso 2, vipande 12 kwa kila duara na baiti 512 kwa kipande, jumla 2,494,464. Piga ls -l uone. Faili fupi zaidi linaweza kuwa salama, kwa kuwa mwisho wake haujawahi kuandikwa. Likiwa na baiti 3,325,952, umeshika diski ya PDP-8: RK05 ileile, ila iligawanywa vipande 16, na kila neno la biti 12 SIMH hulihifadhi kwenye biti 16. Haitasomeka kwenye PDP-11 hata ufanye nini. Kwa diski za RL01 na RL02 ni 5,242,880 na 10,485,760, na hapo inafaa kutamka aina kabla ya kuunganisha: set rl0 rl02.

Ukitaka tu kuchungulia diski ya thamani, tumia attach -r, isomwe bila kuandikwa. Ushauri huu si wa kinadharia. Mwaka 2022 ulizuka mzozo kuhusu kipengele cha SIMH kilichoongeza data yake mwishoni mwa mafaili ya diski, pamoja na masharti ya leseni yaliyoufuata, na ndipo Open SIMH ikazaliwa. Wanaohifadhi nakala za kihistoria walitaka faili lirudi kama lilivyoingia, baiti kwa baiti.

Tepu ni tofauti kabisa, na hapa wengi huumia. Kwenye tepu ya sumaku urefu wa kila rekodi una maana, kwa hiyo faili la .tap huweka urefu huo kwa baiti nne kabla ya rekodi na kuurudia baada yake, baiti ndogo ikitangulia. Rekodi yenye idadi witiri ya baiti huongezewa moja ya kujazia. Baiti nne za sifuri ni alama ya mwisho wa faili. Ukichukua faili la tar, yaani kifurushi cha mafaili, na kuliunganisha moja kwa moja kama tepu, kiigaji kitasoma baiti nne za kwanza za jina la faili kama urefu wa rekodi, kipate namba ya ajabu, na PDP-11 iripoti kosa la tepu. Lifungashe kwanza kwa zana ya kutengeneza .tap, kwa rekodi za ukubwa ambao programu ya upande wa pili inautegemea.

Usahihi, usalama na leseni

Unajuaje kwamba kiigaji hakikudanganyi? DEC yenyewe iliacha kipimo. Mafundi wake walitembea na XXDP, mkusanyiko wa programu za kuchunguza kila modeli na kila kifaa. Programu hizo huendeshwa ndani ya viigaji leo. Majaribio ya prosesa na kumbukumbu ndiyo yenye uzito. Yanayopima muda kamili wa kifaa yanaweza kushindwa, na sababu umeshaiona kwenye foleni ya matukio.

Ukiunganisha laini za terminali kwa telnet, njia ya kale ya kuingia kupitia mtandao, ili watu kadhaa waingie kwa pamoja, mlango huo uache ndani ya kompyuta yako na uzibe nje kwa ukuta wa moto. Telnet haifichi chochote, na root wa diski nyingi zinazosambazwa hana nywila. Mgeni hatafika kwa urahisi kwenye Linux yako, lakini diski ya Unix anaweza kuifuta.

Kuhusu sheria, kiigaji na programu zinazoendeshwa ndani yake ni vitu viwili. SIMH ni programu huria. Unix ya kale, toleo la 1 hadi la 7 pamoja na 32V ya VAX, iliachiliwa na kampuni ya Caldera Januari 2002 kwa leseni ya mtindo wa BSD, kwa hiyo unaweza kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. RT-11, RSTS/E na RSX-11 ni mifumo ya DEC iliyokwenda kwa kampuni ya Mentec. Kampuni hiyo ilitoa leseni ya wapenzi kwa matoleo ya zamani, kwa matumizi yasiyo ya biashara na ndani ya kiigaji. Umri haufuti hakimiliki. VMS, mfumo endeshi wa VAX, ndiyo yenye mlango mgumu zaidi kwa sasa: kampuni ya HPE ilifunga mpango wake wa leseni za wapenzi mwaka 2020, na leseni za jumuiya zilizotolewa baadaye na kampuni ya VSI haziihusu VAX. Anayetaka VAX bila kuvunja leseni ya mtu anaweza kuanza na NetBSD, mfumo endeshi huria, ambayo inaendeshwa kwenye kiigaji cha VAX cha SIMH.